Mwaka Usio na Mwenyewe

Machi 1958, wasomaji wa gazeti la Sunday Times la London walikuta barua yenye saini ya Askofu wa Portsmouth, Launcelot Fleming. Ilihusu vijana wa miaka 18. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba jeshi la lazima linafutwa, na mvulana wa mwisho angeitwa kambini mwishoni mwa 1960. Tangu vita kuu ya pili, kijana wa Kiingereza aliyemaliza shule alikuwa anajua kinachomngoja: kwata, buti na amri, pengine Malaya, pengine Cyprus, pengine misitu ya Kenya akiwinda Mau Mau, ndipo arudi asome chuo. Sasa mlango wa kambi ulikuwa unafungwa, huku wa chuo ukiwa na foleni. Waliotoka jeshini na waliotoka shuleni waligombea nafasi zilezile, na wengi waliambiwa wasubiri mwaka. Barua ilipendekeza kwamba mwaka huo usipotee bure. Vijana wapelekwe kwenye makoloni na nchi zilizokaribia uhuru, wakafundishe, wakaishi na watu.

Aliyetia saini ni askofu, lakini wazo lilikuwa la Alec Dickson na mkewe Mora.

Dickson hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alizaliwa 1914, akaanza kazi kama mwandishi wa habari, na wakati wa vita alijikuta Afrika Mashariki akiongoza kikosi cha kuzunguka na malori, kikiwa na askari wa King's African Rifles. Walipita vijijini wakionyesha wananchi jeshi ni kitu gani: kwata, sarakasi, silaha, maelezo juu ya vita vya mbali ambavyo vijana wa vijiji hivyo walikuwa wanapigana. Ilikuwa propaganda, na neno hilo lilikuwamo katika jina lenyewe la kikosi. Lakini Dickson aliondoka na imani iliyomkaa maisha yake yote, kwamba kijana akipewa jukumu zito kuliko umri wake hulibeba. Baada ya vita alifanya kazi ya elimu ya watu wazima Gold Coast, akafungua kituo cha kuwafunza vijana uongozi huko Man O'War Bay, chini ya Mlima Cameroon, kisha mwaka 1956 akawa mpakani mwa Austria akisaidia wakimbizi waliokuwa wanakimbia vifaru vya Warusi kutoka Hungaria. Huko aliwaona wanafunzi wa Ulaya wakija wenyewe, bila kuitwa, kubeba watoto na mizigo ya watu wasiowajua.

Kumpeleka kijana ughaibuni kabla hajaanza maisha lilikuwa jambo la zamani Uingereza, ila kwa wenye nacho tu. Tangu karne ya 17 mabwana wakubwa waliwatuma wana wao Ufaransa na Italia kwa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Kijana aliandamana na mwalimu na watumishi, akajifunza kucheza dansi Paris, akachorwa picha Roma, akarudi na masanduku ya sanamu na pengine ugonjwa ambao barua za nyumbani hazikuutaja. Horace Walpole, mtoto wa waziri mkuu, aliondoka mwaka 1739 na rafiki yake wa Cambridge, Thomas Gray, ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi maarufu. Gharama zote zilikuwa za Walpole. Walipokuwa wanapanda milima ya Alps, mbwa wake mdogo mweusi aliyeitwa Tory alikuwa anatembea kando ya gari la farasi. Mbwa mwitu akatoka msituni mchana kweupe, akamkamata kooni, akatokomea naye, watumishi wakibaki na bastola ambazo hazikuwahi kufyatuliwa. Mabwana wenyewe walivushwa mlima wa Mont Cenis wakiwa wamekaa vitini, juu ya mabega ya wapagazi wa kijijini. Miaka miwili baadaye marafiki hao waligombana Italia, kila mmoja akarudi kwa njia yake. Aliyewahi kusafiri muda mrefu na rafiki anayemlipia kila kitu hatashangaa.

Shahidi bora wa biashara hiyo ni Adam Smith. Mwaka 1764 aliacha uprofesa wake Glasgow ili amsindikize Duke wa Buccleuch, kijana wa miaka 17, kwenda Ufaransa. Malipo yalikuwa pauni 300 kwa mwaka, na baada ya hapo pensheni ya kiasi hichohicho mpaka kufa. Walipiga kambi Toulouse, mji ambao hawakuwa na mtu wa maana wanayemfahamu, na Smith akamwandikia rafiki yake David Hume kwamba ameanza kuandika kitabu ili muda upite. Kitabu alichokitoa 1776 ndicho kilichoweka msingi wa elimu ya uchumi, na ndani yake msindikizaji huyo aliyelipwa vizuri anasema wazi kwamba vijana wanaopelekwa nje wakiwa na miaka 17 au 18 hurudi na majivuno, uvivu na tabia mbovu kuliko walivyokwenda. Sababu ya wazazi kuendelea kuwatuma, kwa maoni yake, ni kwamba vyuo vya Uingereza vilikuwa vibovu, na baba alipata nafuu ya kutomwona mwanawe akiharibika mbele ya macho yake. Pensheni aliendelea kuipokea.

Vita vya Mapinduzi ya Ufaransa na vya Napoleon viliifunga njia hiyo. Karne ya 19 ikaja na reli, na baadaye jeshi likawachukua vijana wa kila tabaka. Kwa hiyo mwaka 1958 Dickson alikuta kitu ambacho hakikuwahi kuwapo: maelfu ya vijana wa kawaida wenye miezi mitupu mkononi, ambayo si baba wala jenerali aliyekuwa na mpango nayo.

Wa kwanza hawakufika hata ishirini. Mora na Alec waliendesha shughuli kutoka nyumbani kwao, mafaili mezani na simu ikilia wakati wa chakula. Sehemu mojawapo iliyowapokea vijana hao ni Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, ambako Murray Dickson, ndugu yake Alec, alikuwa mkuu wa idara ya elimu. Barabara zilikuwa chache, na watu walikwenda kwa mtumbwi wa mashine, mtoni, saa nyingi. Waiban, wenyeji wa huko, waliishi katika nyumba ndefu zilizojengwa kwa nguzo kando ya maji, familia nyingi chini ya paa moja, kila moja na mlango wake, na mbele ya milango yote ukumbi mmoja mrefu ambao ni baraza, ni njia, ni mahali pa kuanikia mpunga na kupokelea wageni. Mvulana aliyetoka bweni la shule ya Kiingereza alitandikiwa mkeka hapo. Wenyeji walitazama anavyokula, anavyolala na anavyoteleza matopeni akienda kuoga mtoni, na asubuhi yake akatazamiwa afundishe shule. Ualimu hakuwa nao, ila alikuwa na miaka 18 na cheti cha sekondari.

Shirika hilo lilipewa jina la Voluntary Service Overseas, VSO, na ndani ya miaka michache lilikuwa linatuma mamia ya watu. Hapo ndipo lilipombadilikia mwanzilishi wake. Serikali zilizopata uhuru zilitaka mafundi, wauguzi na walimu wenye shahada. Mtoto wa shule mwenye moyo mkunjufu hakuwa jibu la haja zao. Viongozi wa VSO huko London walielekea upande wa wataalamu, Dickson akang'ang'ania vijana wake, na mwaka 1962 alikuwa ameshatoka, akaanzisha shirika jingine la kujitolea ndani ya Uingereza. Kufikia miaka ya 1970 VSO iliachana kabisa na waliotoka shule. Si rahisi kusema serikali zile zilikosea. Nani anataka mwanawe afundishwe hesabu na mtu aliyefanya mtihani huohuo mwaka jana?

Wamarekani walichukua njia ya watu wazima zaidi. Tarehe 28 Agosti 1961, Rais Kennedy aliwaaga Ikulu ya Washington vijana wa Peace Corps, shirika lao la kujitolea, wa makundi mawili, moja likienda Ghana na jingine Tanganyika. Hawa wa Tanganyika walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, wakiwa wamefundishwa Kiswahili cha kuanzia, na kazi yao ilikuwa barabara. Nchi ilikuwa na miezi michache kabla ya kupata uhuru, na ilihesabu wahandisi wake wenyewe kwa vidole.

Vijana wa Tanganyika yenyewe, nao, walikuwa wanaelekea upande mwingine kabisa. Tarehe 10 Julai 1963, miezi miwili tu baada ya askari wa mwisho wa lazima kuvua sare Uingereza, serikali ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Mwanzoni lilikuwa la hiari. Mwaka 1966 sheria ikaja: wahitimu wa kidato cha sita na vyuo watumikie miaka miwili, kwanza kambini, kisha miezi 18 kazini wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Wasomi hawakukubali. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana mjini wamevaa majoho yao mpaka Ikulu, mabango juu, mojawapo likidai kwamba afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwakaribisha, akawasikiliza mpaka mwisho. Walisema viongozi wanalipana mishahara minono huku wao wakiambiwa wajitoe. Nyerere akakubali kwamba mishahara ni mikubwa mno, ukiwamo wake, akatangaza kukata wake kwa asilimia 20. Kisha akawafukuza wote chuoni. Karibu vijana 400 walirudishwa kwao chini ya ulinzi wa polisi, mbele ya wazazi ambao wengi hawakuwahi kuwa na mtoto mwingine aliyefika chuo. Wengi wao walirejeshwa masomoni mwaka uliofuata, baada ya kunyenyekea.

Ukiyaweka matukio haya mawili kando kwa kando, barua ya 1958 na maandamano ya 1966, swali linalogombaniwa ni lilelile: miezi ya kijana aliyemaliza shule ni mali ya nani? Uingereza serikali ilikuwa imeiachia, na kijana akaenda kuitumia kwenye nchi ya mwenzake. Tanzania serikali iliichukua, kwa hoja kwamba ada ya shule ya msomi mmoja ilitoka kwenye jasho la wakulima wengi. Kijana wa Birmingham aliyekuja kujitolea na kijana wa Bukoba aliyepelekwa kambini wangeweza kukutana njiani, wote wana miaka 19, wote wana jembe, ila mmoja tu ndiye aliyechagua.

Mwaka 1968 mtu mmoja aliwageukia wenye hiari. Ivan Illich, padri mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akiendesha kituo Cuernavaca, alialikwa kuzungumza na vijana wa Kimarekani waliojiandaa kwenda vijiji vya Mexico kwa msimu wa joto. Walitarajia baraka. Aliwaambia wakae kwao. Hawajui lugha, alisema, hawajui wanachokifanya, na hata madhara wanayoyaacha hawataweza kuyaona, kwa sababu mwenyeji maskini hana namna ya kumfukuza mgeni. Kama wanapenda Mexico, waje kutembea na kujifunza, ila wasije kusaidia. Hotuba hiyo imesomwa tangu wakati huo katika semina nyingi za vijana wanaokaribia kupanda ndege, ambao huisikiliza kwa makini, kisha hupanda.

Tanzania ilifikia uamuzi wake bila Illich. Baada ya Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea, na huku vita vya Vietnam vikiichafua sura ya Marekani, Peace Corps iliondoka nchini mwaka 1969. Ilirudi 1979.

Kulikuwa pia na kundi la vijana wasafiri ambalo halikudai kumsaidia mtu. Hao walipita Istanbul, wakala kwenye mkahawa ulioitwa Pudding Shop, wakasoma vikaratasi ukutani vya kutafutia nafasi kwenye mabasi, wakaendelea Tehran, Kabul, Lahore, Delhi, mpaka Kathmandu. Mwaka 1972 Tony na Maureen Wheeler walipita humo wakitoka London, wakafika Sydney wakiwa na senti 27. Kijitabu walichokitoa mwaka uliofuata kueleza walivyofanya kilizaa kampuni ya Lonely Planet. Mwaka huohuo wa 1972 reli za Ulaya zilitoa tiketi moja ya mwezi mzima kwa walio chini ya miaka 21, wapande treni yoyote katika nchi 21. Njia ya Kathmandu ilikatika 1979, Iran ilipopinduka na Warusi walipoingia Afghanistan.

Pengo ambalo VSO iliacha kwa watoto wa shule lilizibwa na wengine. Ofisa wa jeshi, Nicholas Maclean-Bristol, alianzisha Project Trust mwaka 1967 na kupeleka vijana wake wa kwanza Ethiopia. Makao yake yaliwekwa Coll, kisiwa cha Uskoti chenye watu wasiofika 200, ambako kila mwombaji alilazimika kuvuka kwa feri akapimwe. Mwaka 1984 ikaja Operation Raleigh, na mwishoni mwa 2000 shirika hilo likapata tangazo ambalo fedha haziwezi kununua: Prince William, aliyekuwa anangoja kuanza chuo, alipigwa picha akisugua choo kijijini Tortel, kusini mwa Chile. Kabla ya chuo alipita Kenya pia, kwenye hifadhi ya Lewa. Mdogo wake Harry alikwenda Lesotho mwaka 2004. Baada ya picha hizo mwaka wa kati, baina ya shule na chuo, ukawa heshima ya nyumba, hata kwa wazazi ambao zamani wangeuona kama uzembe.

Penye heshima biashara haikawii. Makampuni yalianza kuuza wiki mbili, nne, nane za kujitolea, kwa bei inayozidi nauli, na bidhaa iliyotoka haraka kuliko zote ilikuwa watoto yatima. Cambodia ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Kati ya 2005 na 2010 idadi ya vituo vya watoto ilipanda kwa asilimia 75, kutoka 153 hadi 269, nchi ikiwa na amani na mayatima wakipungua. Uchunguzi uligundua kwamba karibu robo tatu ya watoto waliokuwamo walikuwa na mzazi aliye hai. Vituo vilihitaji watoto kwa sababu wageni walihitaji mtu wa kumkumbatia, na mzazi maskini aliahidiwa shule. Mtoto alizoea mgeni wiki mbili, mgeni akaondoka analia, Jumatatu akaja mwingine. Mwaka 2018 Australia ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua biashara hiyo katika sheria yake ya kupambana na utumwa wa kisasa.

Wakati huo huo wapo waliojaribu kubadili mpangilio wenyewe. Norway, ambayo katika miaka ya 1960 ilipeleka vijana wake Uganda, iliupanga upya mpango wake mwaka 2000 ili watu waende na kurudi pande zote. Uingereza nayo, kwa fedha za serikali, iliwaweka vijana wake pamoja na wa nchi mwenyeji. Kwenye mikoa kama Morogoro, Dodoma na Iringa, Mtanzania na Mwingereza walilala nyumba moja kijijini kwa takriban miezi mitatu, wakila anachopika mama mwenyeji na kujenga vyoo na sehemu za kunawia mikono mashuleni. Anayedhani Mtanzania alikuwa mkalimani tu hajawahi kumpeleka mtoto wa Sinza, Dar es Salaam, kijijini. Kuni, kisima cha mbali, giza la saa moja usiku, hayo yalimshangaza naye. Tofauti ni kwamba yeye aliulizwa maswali: ametoka kwa nani, kabila gani, kwa nini hajaoa. Mwenzake alipewa kiti na kuachwa atabasamu.

Ujerumani ndiyo iliyofika mbali zaidi. Mpango wake wa weltwärts ulianza 2008, na tangu hapo maelfu ya vijana wa miaka 18 hadi 28 wamekaa mwaka mzima nje, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizopokea wengi. Kisha tarehe 1 Julai 2011 Ujerumani nayo ikasimamisha jeshi la lazima. Wavulana waliokuwa wanakataa bunduki walikuwa wanatumikia badala yake katika nyumba za wazee, hospitali na vituo vya walemavu. Ghafla hawakuwapo. Serikali ikaunda huduma ya hiari ya taifa kuziba nafasi zao, na kuanzia mwisho wa 2013 mlango huohuo ukafunguliwa kwa vijana wa nchi za kusini mwa dunia, Watanzania, Wakenya na Waganda wakiwamo.

Mtanzania anayekwenda hupata chumba, chakula, bima na posho ya mfukoni, na kazi mara nyingi ni chekechea, nyumba ya wazee au shamba la kilimo hai. Anafika kiangazi kinaisha. Kufikia Desemba jua linazama saa kumi jioni na anatoka kazini gizani. Kumwogesha babu wa miaka 90 si jambo geni kwake. Kinachomgonga ni kwamba babu huyo ana watoto watatu, wote wazima, mmoja akikaa mji uleule. Naye Mjerumani aliyeko Moshi anasuguana na mengine: anataka ratiba, mwenyeji wake anataka kwanza aje kwenye msiba.

Machi 2020 ulimwengu ulifungwa. Peace Corps ilirudisha nyumbani zaidi ya watu 7,000 kwa mpigo, mpango wa Waingereza ukasimama usirudi tena, na Mei 2022 Raleigh ikafunga milango. Upande wa Tanzania, JKT ya lazima, iliyosimamishwa 1994, ilikuwa imerudi tangu 2013, wabunge vijana kadhaa wakitangulia kambini kuonyesha mfano. Mpaka leo mhitimu wa kidato cha sita akishamaliza mtihani mwezi Mei husubiri orodha ya makambi: Ruvu, Mafinga, Oljoro, Mlale, Bulombora.

Weltwärts inaendelea. Kabla ya korona Wajerumani waliokwenda nje kwa mpango huo walikuwa zaidi ya 3,000 kwa mwaka, na waliokuja kutoka kusini walikuwa mamia kadhaa. Mwombaji wa visa kwenye ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, hubeba barua ya mwaliko, mkataba wa kazi na bima, na hujiandaa kwa swali moja kuliko yote, ni nini kitakachomrudisha nyumbani mwaka ukiisha. Kijana wa Stuttgart anayefungasha kuja Moshi hulipia kibali chake cha ukaazi na kupata chanjo za safari. Swali hilo halimo kwenye fomu yake.